Punje Mbili Katika Ganda Moja

Kila nipitapo njia ya Muleba kupanda Kanyambogo hadi Rubya, saa ambazo umande haujakauka katika majani ya migomba, nikapishana na basi la njano lililojaa watoto wenye sare zilizopigwa pasi na mabegi yaliyowazidi mabega, hunijia swali ambalo miaka haijanipa sababu ya kuliacha: watoto hawa tumewapeleka shule, au tumewatua huko kama mtu atuavyo mzigo?

Nimepata kuhudhuria shughuli nyingi za shule za msingi za mchepuo wa Kiingereza katika Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, hizi ambazo aghalabu hupenda kuitwa shule za kimataifa, na jambo moja nimeliona likijirudia kama masika. Siku ya mahafali ya darasa la saba uwanja hufurika. Magari hukosa pa kuegeshwa, maturubai hayatoshi, mashangazi hutoka Mwanza na wajomba hutoka Dar es Salaam, na mtoto mmoja huvishwa mataji mengi hata uso wake usionekane. Lakini Jumamosi ya kikao cha wazazi, siku ambayo mwalimu wa darasa ameketi na madaftari mbele yake akingoja kueleza kwa nini mtoto yule yule hajajua kugawanya, viti vilivyopangwa tangu alfajiri hukaliwa safu mbili za mbele tu, na katika safu hizo akina baba utawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Nami sitaki kumzungusha msomaji; neno langu nalisema mapema. Ada ni malipo ya mafunzo, na malipo hayo, yawe makubwa namna gani, hayawezi kukalia kiti cha mzazi. Shule ambayo familia haina sehemu ndani yake ila siku ya kulipa na siku ya kupiga makofi ni shule nusu, hata ikiwa na kompyuta katika kila chumba na bendera za mataifa yote langoni. Na upande wa pili wa neno hilo hilo ni kwamba shule nazo zina deni kwa wazazi, kwa kuwa zimezoea kuwaita kama walipaji na watazamaji, zikasahau kuwaita kama wajuzi wa mambo ambayo mwalimu, pamoja na shahada zake zote, hakupata kufundishwa.

Rubya ilitangulia jina

Neno kimataifa lina haiba, na mzazi ajinyimaye ili mwanawe asome katika shule yenye jina hilo hastahili kubezwa na mtu. Anamtakia mtoto ulimwengu mpana kuliko ule aliojaliwa yeye, na hiyo ni dua ya kila mzazi tangu kale. Ila ni vema tukumbuke kwamba shule nyingi za namna hii mkoani mwetu hufuata mtaala wa taifa na mitihani ya Baraza la Mitihani la Tanzania, sawasawa na shule ya serikali iliyo ng'ambo ya bonde, na zinachozidi ni lugha ya kufundishia, nafasi darasani na ukubwa wa ada. Hazifanani na ile Shule ya Kimataifa ya Tanganyika iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1963, wala na ile ya Moshi iliyofuata mwaka 1969, ambazo tangu mwanzo zilikusanya watoto wa mataifa mengi na kufuata mitaala ya nje ya nchi.

Lakini ikiwa maana ya kimataifa ni watoto wa nchi mbalimbali kukutana chini ya paa moja kutafuta elimu, basi Rubya ilitangulia jina hilo kwa miaka mingi. Mwaka 1904, zama za Askofu Hirth wa Mapadri Weupe, seminari ilianza kazi hapa katika vilima vya Ihangiro, na miongoni mwa vijana wa mwanzo walikuwamo waliotoka Rwanda, waliovuka milima na mito kwa miguu kuja kuketi darasani pamoja na vijana wa Kihaya na wa visiwani. Mwaka 1917 Balthazar Gafuku na Donat Reberaho walipopewa daraja la upadri huko Kabgayi, Rwanda, wakiwa mapadri wa kwanza wa taifa lao, masomo yao yalikuwa yamekwisha pita katika udongo huu. Hapa pia alisoma Laurean Rugambwa, mwana wa Buhaya aliyezaliwa mwaka 1912, ambaye mwaka 1960 alifanywa kardinali, wa kwanza miongoni mwa Waafrika weusi katika zama zetu.

Katika wote waliopita Rubya, hata hivyo, yupo mmoja ambaye wazazi wa leo wangefaidika sana kumtafakari, naye ni Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alizaliwa mwaka 1896, akaja Rubya kijana mdogo mwaka 1909, akakaa hapa miaka kumi akifundishwa Kilatini, Kiyunani na Kijerumani pamoja na elimu nyingine za wakati ule. Hebu tumfikirie kijana huyo: lugha tatu za Ulaya kinywani, vitabu vya wahenga wa Roma kichwani, tena mjukuu wa ukoo wa watawala wa kisiwa chake. Alipokwisha kuvuna yote hayo alirudi Ukerewe, akaketi miguuni pa wazee, akawauliza juu ya posa na mahari, juu ya dawa za mitishamba, juu ya ulimaji na uvuvi na upikaji wa pombe ya ndizi, na kufika mwaka 1945 alikuwa amekamilisha kwa Kikerewe kisa kirefu cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke waliotamani mtoto kwa miaka mingi na kuhangaika kwa waganga hata wakampata. Kisha yeye mwenyewe akakihamishia katika Kiswahili, nacho kikachapishwa mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake.

Elimu ya mbali ilimwezesha Kitereza kuona thamani ya elimu ya karibu, na kama asingekuwa na mababu wa kuwauliza, Kilatini chake kingebaki pambo la sanduku. Je, mtoto wetu wa leo, anayemaliza darasa la saba kwa Kiingereza kizuri, ana mtu wa kumwuliza nyumbani? Na je, shule yake imemfundisha kwamba nyumbani kuna jambo la kuuliza?

Bibi na tunda la kahawa

Ninapoeleza haya hurudi moyoni mwangu siku moja ya wazazi katika shule ya mlimani, mwezi wa Juni, kahawa ikiwa imeanza kuwa nyekundu mashambani. Watoto walikuwa wamekwisha imba na kughani, na katika ukumbi zilipangwa meza za maonyesho: volkeno ya udongo, ramani ya Ziwa Victoria iliyotiwa rangi, na sayari za karatasi zilizoning'inizwa kwa nyuzi. Mwalimu wa sayansi, kijana mwenye maarifa, alikuwa ameiomba kila familia ilete kitu kimoja cha nyumbani ambacho mtu wa nyumba hiyo aweza kukieleza mbele ya darasa. Wengi walileta vitu vya dukani. Bibi mmoja alileta kikapu kilichofunikwa kwa jani la mgomba, akaenda kuketi safu ya mwisho, karibu na mlango, kitenge chake kikiwa bado na mikunjo ya sandukuni.

"Karibu mbele, bibi," mwalimu akamwambia. "Leo wewe ndiye mwalimu."

"Mwalimu, mimi Kiingereza sina."

"Nami kahawa sina, bibi. Tutapeana."

Akaja mbele polepole. Akafunua jani, akatoa kitawi cha mbuni chenye matunda mabivu, akachuma moja, akalishika juu kati ya kidole gumba na cha shahada, akawauliza watoto kwa Kiswahili humo ndani mna punje ngapi. Watoto, ambao wengi wao ada zao hutoka katika tunda hilo hilo, walipaza sauti kwa Kiingereza kwamba mna moja. Bibi akalibinya. Zikachomoka punje mbili zenye utelezi, zimelaliana tumbo kwa tumbo, akazitandaza kiganjani, akapita meza kwa meza ili kila mtoto atazame na aonje utamu wa ule ute. Kisha akawaeleza kwamba zamani za babu zake, watu wawili walipotaka kuwa ndugu ilhali hawakuzaliwa tumbo moja, waliapa kwa tunda hili. Kila mmoja alipewa punje moja iliyotiwa tone la damu ya mwenziwe, akaimeza, na tangu siku hiyo walifungwa na omukago, undugu ambao mtu hakuthubutu kuuvunja. Maneno ya Kihaya yalipompita mwalimu, mjukuu wa bibi alisimama akamfasiria, na sijapata kuona mtoto amesimama wima kama yule alivyosimama.

Katika nusu saa ile watoto walipata somo la botania, somo la historia na somo la uraia, nao walilipata kwa mtu ambaye kama asingeombwa, angekaa safu ya mwisho hadi jua kuchwa na kuondoka na kikapu chake kikiwa bado kimefunikwa. Ni vikapu vingapi vilivyofunikwa vinarudi nyumbani kila siku ya wazazi katika mkoa huu?

Ada, butura na sahihi ya mzazi

Sasa na tushuke katika maisha ya nyumba zetu, maana ndiko hasara na faida za jambo hili zinakoonekana. Ada ya awamu ya kwanza hutakiwa Januari, na Januari kahawa ingali kijani mtini, wala buni haijui habari za fomu ya shule. Baba asiye na akiba hufanya nini? Mara nyingi huuza butura: humwita mnunuzi shambani, akamwonyesha mibuni, akapokea fedha za mavuno ambayo bado hayajaiva, kwa bei ambayo wote wawili wanajua si bei. Serikali imeikataza biashara hiyo mara kwa mara, nayo imeendelea gizani kwa sababu shida haisomi matangazo. Mtu aliyeuza butura amelipa ada kwa jasho ambalo hajalitoa bado, na anapomwona mtoto amepanda basi la njano hushusha pumzi, akaona wajibu wake umetimia.

Simlaumu kwa kushusha pumzi. Namwuliza tu kwa heshima: mtu aliyetoa mavuno ya mwaka mzima kununua ng'ombe wa maziwa, akamweka kwa jirani, ataridhika kutokwenda kumtazama kama amelishwa, kama amepanda uzito, kama maziwa yanatoka? Na mtoto ni ghali kuliko ng'ombe. Ripoti ya muhula huletwa imeandikwa kwa Kiingereza, mzazi huitia sahihi mahali alipoonyeshwa kidole, na mtoto, ambaye ndiye msomaji pekee wa karatasi ile ndani ya nyumba, huisoma kwa namna inayomfaa. Hapo mtoto amekuwa mkalimani wa hukumu yake mwenyewe. Je, ni ajabu basi mzazi akashangaa darasa la saba, matokeo yalipobandikwa, kwamba yule aliyekuwa akisifiwa nyumbani miaka saba hakuwa akijua kusoma aya moja na kuieleza?

Wala tiba ya jambo hili haidai mzazi ajue Kiingereza. Mama anaweza kumwambia mtoto, "Nisomee ulichojifunza leo, kisha nieleze kwa maneno yetu," na mtoto asiyeweza kueleza kwa maneno ya mamaye amekariri, hakujifunza. Kidato hakihitajiki kuuliza swali hilo. Kinachohitajika ni robo saa baada ya chakula cha usiku, na simu iwekwe kando. Na mtoto aliyezoea kuulizwa hivyo usiku hadi usiku hujifunza jambo la pili lisiloandikwa katika mtaala, nalo ni kwamba maarifa ni kitu cha kugawana na watu wake, ambacho akikificha wataona.

Nimeona pia kazi ya nyumbani ikiokoa shamba. Tangu mwaka 2006 mnyauko wa migomba umezisumbua sana nyumba za Kagera. Ugonjwa huu hufanya majani kulegea na kugeuka manjano, ndizi zikaiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na unaenezwa na wadudu wanaotua katika ua la dume na kwa panga linalopita kutoka mgomba mgonjwa hadi mzima. Wataalamu wa kilimo walifundisha kuvunja ua la dume kwa kijiti chenye panda, bila ya kulikata kwa chuma, na kupitisha panga motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Mwalimu mmoja aliwapa watoto kazi ya kuhesabu migomba ya kibanja cha nyumbani, wakiandika mizima mingapi na yenye dalili mingapi, pamoja na mtu mzima wa kuwasaidia. Babu aliyekuwa hasikii la mtu juu ya panga lake alitembea kibanjani na mjukuu na daftari, mstari kwa mstari, na walipofika mwisho wa hesabu yeye mwenyewe ndiye aliyeagiza moto uwashwe. Shule ilipata hesabu na sayansi, kibanja kikapata uhai, na mzee akapata heshima ya kuulizwa. Elimu ya Kujitegemea, ile azma aliyoitangaza Mwalimu Nyerere mwezi Machi mwaka 1967, ilitaka jambo hili hili: shule isimwondoe mtoto katika jamii yake, imrudishe humo akiwa na nguvu zaidi.

Kibao shingoni

Ipo dhuluma moja ambayo sina budi kuitaja, ingawa wengi wameizoea hata hawaioni. Zipo shule, hapa kwetu na kwingineko Afrika Mashariki, ambazo mtoto akisikika akisema Kiswahili au lugha ya nyumbani kwao huvishwa kibao shingoni na kuzunguka nacho mpaka amkamate mwenziwe katika kosa lile. Adhabu hii ni ya zama za ukoloni. Ngũgĩ wa Thiong'o aliieleza kwa uchungu katika maandishi yake juu ya utoto wake Kenya. Mtoto aliyeaibishwa saa nane za mchana kwa ajili ya lugha ya bibi yake, atamtazama bibi huyo kwa jicho gani jioni? Atapenda aje shuleni siku ya wazazi, au ataomba moyoni asije, wenzake wasije wakamsikia akizungumza?

Naijua sababu inayotolewa, kwamba lugha hujifunzwa kwa kuitumia. Ni kweli, na itumike, darasani na michezoni, kwa nyimbo na mijadala na vitabu vya hadithi. Lakini lugha mpya iwekwe juu ya ile ya kwanza kama ghorofa juu ya msingi. Mwacha asili ni mtumwa, na utumwa mbaya kuliko wote ni ule anaofundishwa mtoto kwa ada ya baba yake.

Bweni na moto wa Kyerwa

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Septemba mwaka 2020, moto uliteketeza bweni la shule moja ya msingi wilayani Kyerwa, katika mkoa wetu huu, na watoto 10 wakafa. Sitaki kuyafanya majonzi ya wazazi wale kuwa hoja ya mtu, wala sina hukumu ya kutoa juu yao wala juu ya walimu waliokuwapo. Nasema tu kwamba tangu usiku ule sijapata kulitazama jengo la bweni la watoto wadogo bila ya kujiuliza mlango uko upande gani, na ni nani aliye karibu wanapolia.

Mwezi Machi mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka wa kusitisha huduma ya bweni kwa watoto wa elimu ya awali na wa darasa la kwanza hadi la nne. Sababu kubwa ilikuwa malezi: kwamba mtoto wa umri huo anahitaji mkono wa familia yake, aijue, nayo imjue. Baadhi ya wazazi walinung'unika, hasa waliokuwa wakifanya kazi mbali, na manung'uniko yao yana uzito, kwa maana maisha ya siku hizi yamewatawanya watu. Lakini ndani ya waraka ule mlikuwa na swali ambalo hakuna kamishna awezaye kutujibia: mtoto akirejeshwa nyumbani saa kumi na moja jioni, atamkuta nani? Ikiwa atakutana na televisheni, msichana wa kazi aliye mtoto kama yeye, na wazazi warudio yeye akiwa amelala, basi tumemtoa katika bweni lenye matroni tukamtia katika bweni lisilo na matroni. Mchelea mwana kulia hulia yeye, walisema wazee. Nami naongeza kwamba asiyekuwapo mwana anapolia hatajua hata kilichomliza.

Kwa nyumba zilizobakiwa na punje moja

Msomaji ataniambia, na atakuwa na haki, kwamba nazungumza kana kwamba kila mtoto ana baba na mama. Katika Kagera hakuna anayeruhusiwa kusahau. Ni hapa, katika wilaya hii ya Muleba, katika hospitali ya Ndolage, ambapo wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, na miaka iliyofuata iliacha vibanja vingi na makaburi mapya chini ya migomba na bibi mmoja mwenye wajukuu sita. Watoto walioachwa wakati ule ndio wazazi wa leo. Wengi wao hawakupata kumwona baba aliyekwenda kikaoni kwa ajili yao, hivyo hawana mfano wa kuuiga, na hilo ni jeraha ambalo halistahili lawama.

Lakini kila mkulima wa kahawa anajua jambo ambalo bibi yule hakulieleza darasani, labda kwa sababu watoto walikuwa wadogo. Mara moja moja hutokea tunda ambalo punje moja haikukua. Ganda halibaki tupu upande mmoja. Punje iliyosalia hujaa, ikaenea nafasi yote, ikawa ya mviringo, wala hakuna anayeitupa. Bibi zetu wengi wamekuwa punje hiyo. Mjomba aliyejitolea, dada mkubwa aliyeacha shule ili mdogo wake asome, shangazi anayetuma fedha za daftari kutoka Karagwe, hao nao ni familia, na shule yenye adili huwatambua kwa majina yao na kuwapa kiti kile kile ambacho ingempa baba mwenye gari. Fomu inayodai sahihi ya baba na mama tu, katika mkoa uliopitia yaliyotupata, ni fomu iliyoandikwa na mtu asiyejua anaishi wapi.

Mlango una pande mbili

Basi tufanye nini? Kwanza, vikao vya wazazi viendeshwe kwa Kiswahili, na ripoti ya mtoto iambatane na maelezo ya Kiswahili, hata yakiwa mistari mitano iliyoandikwa kwa mkono. Shule haipungui hadhi kwa kueleweka. Pili, siku za vikao zipangwe kwa kutazama kalenda ya watu: isiwe siku ya gulio, wala wiki ambayo kahawa maganda inapelekwa kuuzwa. Tatu, sheria imekwisha kutupa chombo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iliweka kamati na bodi za shule, na siku hizi upo umoja wa wazazi na walimu, ambao wengi huuita UWAWA. Vyombo hivi visiwe mahali pa kupanga michango tu. Vijadili chakula cha watoto, usalama wa basi na mabweni, adhabu, na mwenendo wa masomo, na mkulima wa Nshamba awe na sauti sawa na mfanyabiashara wa Bukoba mjini.

Nne, kila muhula shule iwaalike watu wa nyumbani kufundisha wanachokijua: fundi seremala aje na futi kamba yake, mvuvi wa ziwani aje na wavu, mama muuza ndizi aeleze anavyopima mkungu kwa jicho na kupata bei. Mwezi wa Novemba, senene watakapoanza kuanguka, mwalimu asiwakaripie watoto waliokuja na makopo. Awaulize senene wanatoka wapi, kwa nini wanafuata taa, na bibi zao waliwakamataje kabla ya umeme kufika. Na tano, ambalo ni letu sisi akina baba: twende. Tusiwatume wake zetu na maneno ya kwamba shughuli ni nyingi. Mkono mmoja haulei mwana, na mkono huo mmoja kwa muda mrefu mno umekuwa wa mama.

Haya yote hayagharimu hata nusu ya turubai la mahafali. Yanagharimu wasaa, na unyenyekevu wa pande zote mbili: mwalimu akubali kwamba kuna asilolijua, na mzazi akubali kwamba kulipa hakujamaliza.

Nitamaliza kwa jambo nililoliona Jumamosi moja ya kikao, siku ya mvua nyepesi. Viti vingi vilikuwa tupu kama ilivyo ada. Baba mmoja aliingia amechelewa, mabuti yake yakiwa na udongo wa kibanjani, akasita mlangoni akitazama sakafu iliyodekiwa. Mwalimu wa darasa aliinuka, akamwambia, "Ingia tu, baba, udongo huo ndio unaotulipa mishahara." Akaingia. Mwalimu akavuta kiti akakiweka upande wake wa meza, ili wote wawili waweze kulitazama daftari bila ya mmoja kulisoma kichwa chini miguu juu, wakaanza kufunua kurasa. Dirishani, nje, palikuwa na kijana wa darasa la tatu aliyejiinua kwa vidole vya miguu, pua yake imegusa kioo, mvua ikimlowesha mabega wala hana habari. Hakuwa akiwatazama watu wengine mle ndani. Alikuwa akivitazama vichwa viwili vilivyoinamia daftari lake.